Kijana akichafukwa na bahari, usimwambie ajikaze

Mama mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia. Mwanawe wa miaka 14 amejifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, na likizo hii ya Juni familia nzima inakwenda Nungwi ili kijana akazamie Mnemba. Shida ni kwamba hata kwenye boti kubwa ya Unguja kijana hutapika kabla hawajafika nusu ya njia. Baba yake humwambia ajikaze, mwanamume halewi bahari. Mama anauliza ampe vidonge vingapi, na kama mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu anaweza kupewa ile dawa ya maji ya mafua iliyobaki nyumbani, ili alale safari nzima.

Nianze na huyo mdogo, maana ndiye aliyenishtua. Baadhi ya dawa hizo za maji zina promethazini. Mtoto wa chini ya miaka miwili hapewi promethazini, iwe kwa safari au kwa mafua, kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji wake hadi akafa. Tena watoto wa umri huo ni nadra kuchafukwa na bahari. Tatizo huanza wakishapita miaka miwili na huwasumbua zaidi walio wa umri wa shule ya msingi. Nisamehe mama, lakini dawa hiyo ingekupumzisha wewe, isingemtibu yeye.

Sasa kijana. Kuchafukwa na bahari si uoga. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachopima mwendo wa mwili. Macho yakiangalia simu au sakafu ya boti, yanaupa ubongo habari kwamba umetulia. Sikio linasema unapanda na kushuka. Habari hizo zikipingana, tumbo ndilo linalolipa. Admirali Horatio Nelson wa Uingereza, aliyeishi na kufa baharini, alisumbuliwa na hali hii maisha yake yote.

Ninachokiogopa kuliko kutapika ni kuficha. Kusi likivuma niliwahi kupanda boti ya wazamiaji pamoja na mtu mzima aliyekaa kimya, rangi imemtoka, jasho jembamba usoni. Alimeza vidonge viwili tukiwa tumeshaondoka, akavitapika vyote, kisha akavaa mtungi wake kana kwamba hakuna kitu. Kiongozi wa mbizi ndiye aliyemzuia, naye akakasirika kwa sababu alikuwa ameshalipa.

Dawa hizi huzuia, na ukishaanza kutapika umechelewa. Sinarizini humezwa kama saa mbili kabla ya kuondoka. Promethazini na dimenhidrinati husinzisha sana, na mtu anayesinzia hana kazi chini ya maji, ambako anatakiwa kusoma kipimo cha hewa, kuangalia kina na kumfuata mwenzake. Kibandiko cha skopolamini cha nyuma ya sikio hukausha mdomo na kinaweza kutia ukungu machoni. Sinarizini nayo humsinzisha mtu mmoja, mwingine isimguse. Ndiyo maana sitakutajia idadi ya vidonge gazetini. Mpeleke kwa daktari, umwambie waziwazi kwamba kijana anazamia, kisha dawa atakayoandikiwa aijaribu nyumbani siku ya kawaida. Ikimlevya, hazamii akiwa ameimeza. Na Plasil mliyozoea kuiweka kabatini kwa ajili ya matumbo haisaidii kitu kwenye mawimbi.

Mengine hayahitaji duka la dawa. Usiku alale vya kutosha. Asubuhi ale kidogo, ndizi na mkate, wala asipande chomboni na tumbo tupu. Urojo usubiri jioni. Akae katikati ya boti au karibu na tezi, mbali na moshi wa dizeli, atazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Vifaa avikague na kuvifunga bandarini, maana kuinama kufunga mikanda boti ikiwa imesimama na kuyumba ndiko kunakowamaliza wengi. Akiwa mzima aombe kuingia majini mapema, kwa kuwa mtikisiko hupungua kadiri unavyoshuka. Tangawizi? Atafune akipenda, ushahidi wake si mkubwa ila wengine huwafaa.

Akitapika mara moja kisha akatulia, anywe maji kidogo kidogo na kiongozi aambiwe. Akiendelea kutapika, siku hiyo hazamii. Aliyetapika sana amepungukiwa maji mwilini, na hali hiyo inahofiwa kuchangia ugonjwa wa wazamiaji, ule unaotokana na mapovu ya naitrojeni mwilini mtu anapopanda juu. Ikitokea kichefuchefu kikampata akiwa chini, asikitoe kipumulio mdomoni. Atapike humohumo akikishika kwa mkono, kwa sababu baada ya kutapika mwili huvuta pumzi bila kukuuliza, na kipumulio kikiwa nje atavuta maji.

Jambo moja zaidi, nalo halisemwi sana. Kichefuchefu cha bahari kwa kawaida hupoa mkishakanyaga nchi kavu. Kijana aliyezamia, kisha jioni akawa bado na kizunguzungu, au viungo vinamuuma, ana ganzi, miguu imelegea, msiseme ni bahari tu akalale. Apewe oksijeni kama ipo, apelekwe hospitali, na mtu wa kwanza kumpokea aambiwe alizamia saa ngapi na kina gani. Dalili hizo zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi.

Baba wa kijana, najua mama atakusomea ukurasa huu. Asubuhi ya safari, kabla hamjapanda, simama na mwanao mbele ya kiongozi wa mbizi umwambie kwamba kijana huchafukwa na bahari, na kwamba akisema hashuki, hata mkiwa mmeshafika Mnemba, hela imekwenda na yameisha. Ayasikie hayo kutoka kinywani mwako wewe.