Usiikimbie Namba Kubwa, Ihoji

Mwanafunzi mpendwa, ukikuta namba yenye tarakimu nane kwenye swali, unafanya nini? Hapa Bomang'ombe nimewaona wengi wakiruka swali, na wengine wakiikadiria namba upesi ili iwe fupi. Kwa maoni yangu, njia zote mbili zinakupotezea alama ambazo ungeweza kuzipata. Namba kubwa haitaki uoga, inataka maswali.

Chukua 61,741,120. Hii ndiyo idadi ya watu wa Tanzania katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Kama ulihesabiwa, nawe umo ndani yake. Sasa tuihoji.

Inaishia na 0, kwa hiyo inagawanyika kwa 2, 5 na 10. Tarakimu tatu za mwisho ni 120, nayo 120 inagawanyika kwa 8. Basi namba yote inagawanyika kwa 8. Jumla ya tarakimu zake ni 22, hivyo haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9. Jaribu 7: unapata 8,820,160 bila baki. Ukiendelea hadi mwisho utapata vigawo tasa vyake:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Namba hii ina vigawo 112.

Hiyo 641 ina historia. Pierre de Fermat aliamini kuwa 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Hata bingwa hukosea asipoihoji namba.

Sasa mwondoe mtu mmoja tu. Inabaki 61,741,119, namba witiri. Haigawanyiki tena kwa 2, 5, 7, 43 wala 641, lakini sasa inagawanyika kwa 3. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1. Ndiyo maana "milioni 62" inafaa kwenye mazungumzo, lakini kwenye swali la vigawo ni jibu la namba nyingine kabisa.

Utasema simu inatosha. Simu hujibu ulichobonyeza, hata kama umekosea tarakimu moja. Mwenye kujua kanuni za ugawanyikaji hulitilia shaka jibu baya kabla msahihishaji hajaliona. Kanuni hizo ni chache, na ukizifanyia mazoezi utazitumia kwa sekunde chache.

Anza leo na namba ya nyumbani. Sensa hiyo hiyo ilihesabu watu 1,861,934 mkoani Kilimanjaro. Bila kikokotoo, je, namba hiyo inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5 au 9? Andika sababu ya kila jibu, maana sababu ndiyo hisabati yenyewe.