Tundu liko kati ya magego, na tochi ya simu haitakuonyesha

Fanya hivi kabla hujaendelea kusoma. Washa tochi ya simu, simama mbele ya kioo, fungua mdomo hadi magego ya mwisho yaonekane. Umeona nini? Pengine sehemu ya juu ya kutafunia na ule upande wa shavuni. Sasa niambie unaona nini pale ambapo gego moja linagusana na jirani yake. Huoni kitu. Hata daktari wa meno mwenye taa kali na kile kioo chake kidogo haoni vizuri pale. Na ni pale ambapo meno ya vijana wengi huoza kimyakimya.

Msimamo wangu ni huu. Sisi wa Kitui na Makueni tumezoea kumwona daktari wa meno siku ambayo jino limetunyima usingizi, na siku hiyo mazungumzo huwa ni ya koleo. Kuna picha ndogo ya eksirei ambayo ingeonyesha tatizo hilo miaka kadhaa mapema. Kaunti zetu zinafaa kuifanya huduma ya kawaida, nawe unafaa kuidai kwa jina lake.

Nina rafiki anayeendesha boda mjini Kitui. Ana miaka 24 na ameshang'olewa magego matatu. Akicheka utadhani amelipwa kutangaza dawa ya meno, maana ya mbele ni meupe pe. Hadithi yake haibadiliki: wiki mbili za kumeza Panadol, usiku mmoja wa kutembea chumbani ameshika shavu, asubuhi foleni, sindano ya ganzi, kwisha. Hajawahi kupigwa picha hata mara moja. La tatu alipouliza kama linaweza kuzibwa, aliambiwa limeenda sana. Ni kweli lilikuwa limeenda. Lakini jino haliendi usiku mmoja.

Linaendaje? Bakteria walio kwenye utando wa meno hula sukari unayokula na kutoa asidi. Asidi huyeyusha madini ya enameli, lile tabaka gumu la nje. Mate yako nayo hurudisha sehemu ya madini hayo kila siku. Ichukulie kama M-Pesa yako: kuna ya kuingia na kuna ya kutoka, na ukitoa zaidi ya unachoweka, unajua mwisho wa mwezi unavyokaa. Kati ya magego, chini kidogo ya mahali yanapogusana, mswaki haufiki, uwe wa plastiki au ule wa mti aliokuwa akitumia shosho yako. Utando unaweza kukaa hapo wiki nzima bila kusumbuliwa. Enameli haina neva, kwa hivyo husikii chochote. Uozo ukishapenya hadi dentini, tabaka laini zaidi lililo chini, unaanza kupanuka. Ukikaribia kiini chenye neva ndipo unaruka ukinywa maji ya friji, na wakati huo umechelewa kwa miaka.

Anayekula muthokoi hahitaji kufundishwa kwamba chakula hukwama kati ya meno. Lakini muthokoi si adui mkubwa. Adui ni sukari inayoingia kidogokidogo kutwa nzima. Tazama pale base jioni: msee ana muguka shavuni, peremende ya kupunguza uchungu, soda kando, na kikao kinaenda saa nne au tano. Kila akifyonza, asidi inaanza upya. Wewe wa ofisini Nairobi usicheke. Chai yako ya vijiko vinne mara tatu kwa siku, na kile kinywaji cha kukupa nguvu saa kumi, ni hesabu ile ile.

Hapa kwetu kuna jambo jingine linalovuruga macho. Katika sehemu kadhaa za Kitui na Makueni maji ya visima yana floridi nyingi. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake bado yanajiunda chini ya ufizi huota meno yenye madoa, mengine meupe kama chaki, mengine ya kahawia. Nimewaona vijana wa pande za Makindu wakifunika mdomo kwa mkono wakicheka, kwa sababu shuleni waliitwa wenye meno yaliyooza. Madoa hayo si kuoza. Kijana mwenye meno ya kahawia anaweza kuwa hana tundu hata moja, na yule wa meno meupe anayemcheka akawa nayo manne kati ya magego. Wakamba wa zamani walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, ukawa urembo wao. Kuchonga tumeacha, lakini bado tunajali ya mbele tu. Kamera ya TikTok haifiki kwenye magego.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka wa 2015 ulipata meno yaliyooza kwa asilimia 34.3 ya watu wazima na asilimia 23.9 ya watoto. Kumbuka tafiti za aina hiyo, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, hufanywa kwa kuangalia kinywa, bila eksirei. Matundu yaliyojificha kati ya meno hayaingii kwenye hesabu mpaka yawe makubwa. Kwa hivyo unaposoma kwamba theluthi moja ya watu wazima wana meno yaliyooza, jua hao ni wale walioonekana.

Picha ninayoizungumzia huitwa baitiwingi. Unauma kishikio kidogo, filamu au kihisi cha kidijitali kinakaa upande wa ulimi, mashine inaelekezwa kutoka nje ya shavu, na kabla hujamaliza kushangaa imeisha. Picha moja huonyesha magego ya juu na ya chini kwa pamoja, na nafasi iliyopo kati ya kila moja na jirani yake. Kwa mtu mzima mara nyingi mbili zinatosha, kulia na kushoto. Enameli imejaa madini, kwa hivyo huzuia mionzi na kutokea nyeupe. Palipooza madini yamepungua, mionzi inapenya, na kinatokea kivuli cheusi, aghalabu kama pembetatu ndogo ambayo ncha yake inaelekea ndani ya jino.

Mahali kivuli hicho kinapoishia ndipo bili yako inapoamuliwa. Kikiwa bado ndani ya enameli, mara nyingi uso wa jino haujatoboka. Daktari anayejua kazi yake hatachukua drili hapo. Atakupaka floridi, atakuonyesha jinsi ya kutumia uzi wa meno, atakuuliza maswali ya aibu kuhusu soda, kisha atakupa siku ya kurudi ili apige picha nyingine alinganishe. (Ndiyo, floridi ile ile. Nyingi mno kwenye maji ya mtoto huacha madoa. Ya kiasi ikipakwa juu ya jino lililokwisha kuota husaidia kulikinga.) Safari ya kuvuka enameli mara nyingi huchukua miaka, kwa hivyo mna muda wa kuisimamisha. Kivuli kikiingia ndani ya dentini, kwa kawaida jino linazibwa. Kikifika kwenye kiini, ni kutibu mzizi, kazi ya gharama ambayo vijana wengi wa rika langu hawaigusi, au ni kung'oa. Jino ni lile lile, na kilichotofautisha bili hizo tatu ni lini mtu aliangalia ndani.

Picha nayo ina mipaka yake. Madini lazima yapungue kwa kiasi kikubwa kabla kivuli hakijatokea, kwa hivyo uozo halisi huwa umeenda mbele kidogo kuliko unavyouona. Pembe ikikosewa, meno hupandana kwenye picha na zile nafasi zinazotafutwa zinafichika. Ukiona hivyo, uliza. Tena usichanganye baitiwingi na ile picha kubwa ya taya zote, ambayo unasimama mashine ikikuzunguka kichwa. Ile inafaa sana kwa meno ya mwisho yaliyokwama na kwa kupanga waya za meno, lakini kwa tundu dogo kati ya magego haina ukali wa kutosha. Wengi huipiga, wakaambiwa mambo shwari, wakarudi nyumbani na matundu yao.

Wala hii si teknolojia ya juzi. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895, na Januari 1896 Mjerumani mwenzake, Otto Walkhoff, akapiga picha ya meno yake mwenyewe kwa kuvumilia mionzi dakika 25. Baitiwingi ililetwa na daktari wa meno Mmarekani, Howard Raper, mwaka wa 1925. Ni karne nzima, na bado kuna msee wa miaka 24 mjini Kitui aliyepoteza magego matatu bila kuiona.

Hofu ya mionzi nimeisikia sana, na si ya kudharauliwa. Lakini picha mbili za kidijitali hukupa mionzi inayolingana na ile unayopata bure kutoka ardhini na angani kwa siku moja au siku chache tu. Mwaka wa 2024 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilisema hata ile aproni ya risasi haihitajiki tena kwa picha za meno, mradi mashine ielekezwe sawasawa. Humu nchini mashine hizo husimamiwa na mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, KNRA, kwa hivyo una haki ya kuuliza kama ya kliniki yako ina leseni. Ukiwa mjamzito, sema mapema. Na usikubali kupigwa kila unapoingia mlangoni: kwa mtu mzima asiye na matundu na mwenye hatari ndogo, kila miaka miwili au mitatu inatosha. Mwenye matundu mapya au kinywa kikavu anaweza kuhitaji kati ya miezi 6 na 18.

Sasa tuzungumze na wenye bajeti. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na watu zaidi ya milioni 1.1. Makueni ina watu zaidi ya 980,000. Mtu wa Mutomo au Kyuso akiambiwa picha inapigwa mjini, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku ya kibarua iliyopotea inaweza kushinda gharama ya kung'oa. Atachagua koleo. Hata mimi ningechagua koleo. Ndiyo maana sikubali maneno kwamba vijana wa Ukambani hawajali meno yao. Wamepiga hesabu, na hesabu imewaambia wang'oe.

Afya ya kaunti imekuwa mikononi mwa magavana tangu 2013. Kuanzia 2015 serikali kuu ilileta mpango wa kukodi mashine kubwa kwa hospitali mbili katika kila kaunti, na mabilioni yake yakazua vita hadi Seneti. Mashine ya baitiwingi haiko katika ligi hiyo. Ni mkono unaofungwa ukutani kando ya kiti cha daktari. Najua jibu nitakalopewa: dawa hazitoshi, wauguzi hawatoshi, na jino si figo. Sawa. Lakini mgonjwa wa jino haondoki hospitalini kwa sababu hukumpiga picha. Anarudi baadaye uso umevimba, anahitaji dawa za usaha, na wakati mwingine kitanda. Hiyo pesa inatumika vilevile, ila imechelewa.

Makueni imesifiwa kwa jinsi wananchi wanavyoshiriki kupanga bajeti. Katika vikao hivyo huombwa mabwawa ya mchanga, barabara, zahanati. Sijasikia kijana akisimama kuuliza ni hospitali zipi za kaunti ndogo zina eksirei ya meno, na kama ipo, inafanya kazi au imefunikwa shuka. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hakuna aliyewahi kuniomba cheti ndipo nishike maikrofoni kwenye kikao cha wadi. Wewe wa SEKU pale Kwa Vonza, wewe wa KMTC, mko wengi kuliko wazee wanaojaza viti hivyo.

Na ukifika kliniki, iwe Wote, Mwingi au Rongai, usiseme tu "niangalie meno". Sema hujawahi kupigwa baitiwingi na ungependa kujua hali ya kati ya magego. Uliza bei kabla ya kukaa kwenye kiti, na uliza kama bima yako inalipia. Daktari akimaliza, mwombe akuonyeshe kivuli kilipo na akutumie nakala kwenye simu ikiwa na tarehe. Vijana tunahamahama, faili litabaki Wote ilhali wewe uko Rongai, na picha ya pili bila ya kwanza haiwezi kumwambia daktari mpya kama tundu limesimama au linatembea.