Hawajui Tulikotoka, na Ndio Wanaowapima Watoto Wetu

*Sehemu ya 1*

Nimetoka zamu saa hizi, miguu imevimba, chai iko mezani na hasira bado ninayo. Najua niliahidi kuandika kuhusu mtoto anayekataa kula. Hiyo itasubiri kidogo. Leo nina la moyoni.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni nesi wa watoto, mzaliwa wa Tanga, niko Marekani tangu 2011. Kliniki ninayofanya kazi inapokea familia nyingi za wahamiaji na wakimbizi, na wengi wao ni Waswahili wenzetu.

Asubuhi kaja mama mmoja, Mkongo wa Uvira, aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku. Mwanawe wa miaka minne sikio linatoa usaha, analia mpaka sauti imekauka. Siku nne nyuma alikuwa ameshaonwa hapo hapo kwetu, mimi sikuwepo. Nikafungua faili. Palipoandikwa lugha ya mzazi, nikakuta Kifaransa.

Nikamuuliza, "Mama, unaongea Kifaransa?"

Akacheka kwa aibu. "Hapana, dada. Bonjour tu."

Kumbe mtu aliyemwandikisha aliona neno Kongo kwenye karatasi, akabonyeza Kifaransa, basi. Mkalimani akaletwa kwenye skrini, akamwaga Kifaransa chake, na mama akawa anaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama tulivyofunzwa kumwitikia mtu anayetuhudumia. Dawa ya siku kumi akampa mtoto siku mbili. Homa iliposhuka, akaacha. Alielezwa kwamba asiache, tena alielezwa vizuri tu, ila kwa lugha asiyoijua.

Na faili linasema "mzazi ameelekezwa, ameelewa."

*Sehemu ya 2*

Najua mtaniambia, "Dada nesi, hayo mbona tumeshayazoea? Wamarekani ndo walivyo." Ni kweli, tumezoea. Nani kati yetu hajaulizwa kama anaongea "Kiafrika"? Mimi mwaka wangu wa kwanza huku nilimwambia mwenzangu kazini natoka Tanzania, akaniuliza kama tuna kangaruu wengi. Alidhani nimesema Tasmania! Nilicheka mpaka machozi, nikampigia mama Tanga, naye akacheka.

Siku hizi sicheki. Kwa sababu nimegundua kwamba anayeniuliza swali la kangaruu ndiye huyo huyo anayeshika kalamu na kujaza fomu ya mtoto wako. Asichokijua yeye, anayeumia ni mtoto.

Mfano mwingine, huu wa kadi ya kliniki. Mtoto amezaliwa Januari 5, 2023 huko nyumbani, kadi imeandikwa 05/01/2023. Mmarekani anaanza na mwezi, kwa hiyo yeye anasoma Mei 1. Chanjo ya wiki sita imeandikwa 16/02/2023. Sasa hapo akachanganyikiwa: hakuna mwezi wa 16, kwa hiyo hii lazima iwe Februari. Akapiga hesabu, akakuta mtoto alichanjwa kabla hajazaliwa! Badala ya kujiuliza "labda wenzetu wanaanza na siku", akamwambia mama kwamba kadi haiaminiki na chanjo zote zianze upya. Mama wa watu kaitunza ile kadi kwenye mfuko wa nailoni kama hati ya nyumba, leo anaambiwa ni ya uongo. Nchi nyingi duniani zinaanza na siku. Wao ndo wako karibu peke yao, lakini ajabu ni sisi.

*Sehemu ya 3*

Sasa turudi 2014, mwaka wa Ebola. Wengine mlikuwa bado sekondari, ngoja niwakumbushe.

Ebola ile kubwa ilikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Nchi tatu, zote Afrika Magharibi. Chukua ramani uangalie: kutoka Monrovia, mji mkuu wa Liberia, Paris iko karibu kuliko Nairobi! Lakini hakuna aliyemkimbia mtu aliyetoka Paris.

Waliokimbiwa ni hawa. Mwalimu mmoja wa Kentucky alitoka Kenya kwenye safari ya kanisa. Shule ikamtaka akae nyumbani siku 21 na alete barua ya daktari. Akajiuzulu. Kule New Jersey, watoto wawili waliotoka Rwanda walibaki nyumbani siku 21 baada ya wazazi wa wenzao kuja juu. Watoto wa shule ya msingi, jamani! Rwanda iko zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Liberia, na haikuwa na mgonjwa hata mmoja wa Ebola.

Na mwezi huo huo wa Oktoba, Ebola ilikuwa wapi? Dallas, Texas. Mgonjwa alifariki hospitalini huko, na manesi wawili waliomuuguza wakaambukizwa. Namshukuru Mungu walipona. Yaani kwa siku hizo, aliyetakiwa kumwogopa mwenzake ni mtoto wa Rwanda.

Mimi mwenyewe nilikaa peke yangu chumba cha chakula cha wafanyakazi karibu wiki mbili. Nilikuwa sijakanyaga Afrika tangu nije! Kuna siku nilikohoa kwa sababu ya pilipili, watu wakahama meza. Na hawa ni watu wa afya, siyo watu wa mtaani.

*Sehemu ya 4*

Wapo walioniandikia, "Hao ni wasiosoma, wasomi wao wanajua." Haya, tuwaangalie wakubwa.

Septemba 2017, Rais Trump alikutana na viongozi wa Afrika mjini New York. Akaisifia nchi ya "Nambia", tena akasifia mfumo wake wa afya. Nambia haipo. Alikuwa na maana ya Namibia. Julai 2025, akiwa na Rais Boakai wa Liberia Ikulu ya Marekani, alimsifia kwa Kiingereza chake kizuri na kumuuliza alikijifunzia wapi. Mama zangu, Liberia ilianzishwa na watu weusi waliotoka Marekani! Imekuwa jamhuri tangu 1847, lugha yake rasmi ni Kiingereza, na Monrovia imepewa jina la rais wa Marekani, James Monroe. Ni kama umsifie mtoto wa dada yako kwa kujua jina la bibi yenu.

Na siyo rais mmoja tu. Mwaka 2006 National Geographic iliwapima vijana wa Kimarekani wa miaka 18 hadi 24. Asilimia 63 hawakuweza kuionyesha Iraki kwenye ramani, wakati jeshi lao lilikuwa Iraki mwaka wa tatu. Mwaka 2014 watafiti waliwapa Wamarekani zaidi ya 2,000 ramani ya dunia waionyeshe Ukraine. Aliyeweza ni mmoja kati ya sita. Na hapa ndipo niliposimamisha kikombe: kadiri mtu alivyobandika alama mbali na Ukraine yenyewe, ndivyo alivyozidi kutaka jeshi la Marekani liingilie kati.

Isome tena hiyo. Asiyejua nchi iko wapi ndiye aliyekuwa mwepesi wa kupeleka silaha. Na kule zinakoenda silaha kuna mama kama wewe, anayetafuta panado ya mtoto usiku.

*Sehemu ya 5*

Dada mmoja wa Mombasa kaniandikia hivi: "Lakini hata sisi hatujui majimbo yao 50. Mbona tunawalaumu?"

Swali zuri, na nalijibu kwa heshima. Ni kweli, sisi nasi tuna yetu. Bibi yangu mpaka leo Marekani nzima kwake ni New York. Na wapo Watanzania ukiwatajia Kongo wanajua vita tu, hawajui kwamba yule mama wa Uvira anafumba macho akiongea Kiswahili na wewe, ukadhani unaongea na jirani. Tujisahihishe.

Lakini tofauti iko hapa. Mimi kutojua Nebraska iko wapi hakujawahi kumfukuza shule mtoto wa Nebraska. Hakujamnyima mkalimani mama yeyote wa Nebraska. Kutojua kwa bibi kunaishia barazani kwake. Kutojua kwa mwenye nguvu kunageuka viza, fomu, dozi na bomu.

Na wala siyo kwamba hawana akili. Nafanya nao kazi, wana akili sana. Nchi yao ni kubwa, imepakana na nchi mbili tu, na tangu wazaliwe hawajawahi kulazimika kutujua. Sisi tulilazimika: tulikariri mito yao, marais wao na lugha yao, la sivyo tungefeli. Kuna nesi mmoja mtu mzima, Mmarekani, akipata mgonjwa kutoka nchi asiyoijua anatoa simu, anafungua ramani, anamwambia mama, "Nionyeshe kwenu." Dakika moja tu. Ndo maana sikubali kisingizio cha "tuna kazi nyingi".

*Sehemu ya 6*

Sasa tusilie tu. Wewe unayelea huku, shika haya:

Moja. Lugha. Ukiandikishwa, sema, "Lugha yangu ni Kiswahili." Usikubali waandike Kifaransa, Kiarabu wala "Kiafrika". Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kukupa mkalimani bure. Na mtoto wako wa darasa la nne asiwe mkalimani wako. Si mzigo wake. Usipoelewa usiitikie kwa kichwa. Kuuliza siyo utovu wa adabu.

Mbili. Malaria. Hapa ndo huwa nachoka kabisa. Ukisema Afrika wanakumbuka Ebola, lakini malaria, inayoingia Marekani na wasafiri karibu 2,000 kila mwaka, wanaisahau. Mtoto akipata homa baada ya kutoka nyumbani, hata kama mmeshakaa wiki kadhaa, taja nchi, mkoa na tarehe mliyorudi, kisha sema, "Naomba apimwe malaria leo." Wakisema ni mafua tu, rudia. Malaria haisubiri kesho kwa mtoto mdogo.

Tatu. Kovu la BCG. Watoto wetu huchomwa BCG wakizaliwa, wa Marekani hawachomwi kwa kawaida. Kipimo cha TB cha kuchoma ngozini kinaweza kuvimba kwa sababu ya ile chanjo, wakadhani mtoto ana maambukizi. Waonyeshe kovu, uliza kipimo cha damu, hasa kwa mtoto wa miaka miwili na zaidi. Hicho hakidanganywi na BCG.

Nne. Kadi ya kliniki. Kabla hujaitoa, andika karatasi pembeni yenye miezi kwa maneno: 5 Januari 2023, 16 Februari 2023. Na kadi yenyewe usiwaachie, wapige nakala.

*Sehemu ya 7, ya mwisho*

Binti yangu yuko darasa la tatu. Juzi karudi kimya, begi kalitupa. Kumbe mwalimu amewaambia wataje nchi za wazazi wao, yeye akasema Tanzania, mwalimu akaandika ubaoni "Africa". Aliyesema Italia aliandikiwa Italia. Aliyesema Korea, Korea. Wangu kaandikiwa bara zima.

Nikamuuliza, "Ukasemaje?" Akaniambia, "Sikusema kitu, mama. Sikutaka kumsumbua."

Hapo ndipo niliumia kuliko siku ya meza na pilipili. Maana hiyo "sikutaka kumsumbua" kaitoa kwangu. Miaka yote amenisikia nikicheka na kupita.

Tulikaa sakafuni na ramani usiku ule. Akaitafuta Tanga mwenyewe, akapapasa pwani kwa kidole mpaka Pangani. Kesho yake akaniomba aende nayo shule. Nikamkunjia, nikaiweka kwenye begi, na nikaandika barua fupi kwa mwalimu, ya adabu, bila matusi: mwanangu anatoka Tanzania, nchi moja kati ya 54 za Afrika, naomba ubaoni isomeke hivyo.

Imesahihishwa. Ilichukua dakika moja, kama yule nesi mtu mzima na simu yake.

Na yule mama wa Uvira? Nimebadilisha faili mwenyewe: Kiswahili. Nimemweleza dawa, akanirudishia kwa maneno yake, siku kumi, asubuhi na usiku, hata homa ikishuka. Ijumaa anarudi, nitawapa habari.

Haya mama zangu, zamu yenu. Niandikieni: mtoto wako aliandikiwa nini, na wewe ulisema nini? Nasoma zote, nikipata nafasi kazini. Mkate umeungua wakati naandika, nakwenda kula hivyo hivyo. Usiku mwema.