Sayansi isiishie ubaoni

Ndugu Mhariri,
Naomba nafasi niwapongeze vijana watatu wa Ghana. Walitoka Chuo Kikuu cha All Nations, Koforidua, wakaenda kusoma Japani, na huko wakaunda setilaiti ya kwanza ya nchi yao, GhanaSat-1: mchemraba wa sentimeta 10 kila upande, uzito kama kilo ya sukari. Iliachiwa angani siku ya Saba Saba, mwaka 2017.

Mchemraba huo mimi huufundisha kwa chaki tu. Watoto wananakili, hawaundi kitu. Walimu wenzangu, tuwape hata udongo na waya waunde. Nanyi wakubwa wa elimu, msituletee mitihani tu. Leteni na vifaa. Samaki mkunje angali mbichi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbinga.