Aliyejifukia Asifukuliwe

Wahenga walituonya tusimwamshe aliyelala, tusije tukalala sisi. Ipo hali moja, hata hivyo, ambapo anayeamshwa ndiye hulala, tena usingizi wa milele. Hiyo ni hali ya kaa anayejivua gamba.

Si ajabu kwa wanafunzi wa magharibi mwa Kenya kwenda Mombasa katika ziara ya kimasomo na kurejea na makombe ya baharini mikobani. Katika kombe moja lililofika shule fulani ya hapa Myanga, Kaunti ya Bungoma, mlikuwamo mwenyewe: kaa wa nchi kavu ambaye tumbo lake ni laini, hivyo huingia katika kombe lililoachwa na konokono wa baharini na kulibeba popote aendapo. Nitamwita kaa mpangaji. Alitiwa katika beseni la mchanga, akalishwa vipande vya matunda, akawa kipenzi cha darasa. Siku moja akajifukia. Wako waliosema amekufa, na wako waliotaka afukuliwe akaguliwe. Mwalimu wao aliponitaka rai, nilimjibu kwa neno moja: asiguswe.

Mimi ni mwanaisimu wala si mwanazuolojia, lakini sababu zenyewe si ngumu kueleweka. Gamba la kaa halikui pamoja na mwili wake. Hana budi kulivua, na chini yake mna gamba jipya lililo laini mno. Katika siku hizo hana nguvu wala kinga, na hata kaa wenzake waweza kumla. Ndiyo maana hujificha mchangani kwa majuma kadhaa, na aliye mkubwa huweza kupitisha miezi miwili. Anayemfukua humrarua.

Mwaka wa 2011, Chama Cha Mapinduzi nchini Tanzania kilieneza msemo wa "kujivua gamba", kwa maana ya kujisafisha kwa kuwaondoa walioonekana kukichafua. Taswira hiyo ni ya nyoka, ambaye huliacha gamba lake na kwenda zake. Kaa mpangaji hafanyi hivyo. Hulila gamba kuukuu ili apate kalsiamu ya kuliimarisha jipya. Kwa hivyo, anayeliokota gamba hilo na kulitupa akidhani ni uchafu amemnyang'anya mnyama chakula chake. Isitoshe, gamba tupu hufanana sana na maiti, na wengi wametupwa wakiwa hai. Aliyekufa kweli hutambulika kwa harufu ya kuoza.

Kumtunza basi ni kumwandalia mazingira kabla hajajifukia, kisha kumwacha. Mchanga uwe na kina cha kutosha kumfunika kabisa, tena na unyevu wa kushikamana ukifinywa mkononi. Chombo kifunikwe ili hewa ya ndani isikauke, na kilindwe na baridi ya usiku wa huku kwetu. Awekewe maji baridi na maji ya chumvi ya bahari, yote yasiyotiwa klorini, pamoja na makombe matupu makubwa kidogo kuliko alilo nalo, kwani akikua atahitaji kuhama.

Najua baadhi ya walimu watauliza: mwanafunzi atajifunza nini kwa kutazama mchanga? Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, unamtaka mwanafunzi atende na achunguze. Lakini kuchunguza si kufukua. Mwanafunzi anaweza kuandika tarehe ya kujifukia, kupima joto kila asubuhi, kukagua unyevu na kungoja. Atakuwa amejifunza kwamba mambo mengine hukomaa pasipo kuonekana, na kwamba pupa ya kutaka kuona matokeo yaweza kuyaharibu. Somo hilo latufaa hata sisi walimu, tunaomtahini mtoto leo na kesho tukashangaa mbona hajabadilika.

Fauka ya hayo, afadhali zaidi asingeondolewa pwani. Mayai ya kaa huyu huanguliwa baharini na vitoto vyake huanza maisha humo. Katika beseni la Myanga hana uzao. Kila kombe tunalolibeba ni nyumba tuliyomnyima mwingine. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka wa 1968, hazikuwekwa ili watalii peke yao wafurahie.

Nasi hatujanyimwa kaa. Mito yetu ina kaa wa maji baridi, ambaye naye hujivua gamba, na vitoto vyake hutoka yaini vikiwa tayari na umbo la kaa. Walimu wawapeleke wanafunzi ukingoni wakamtazame pale pale alipo, kisha wamwache. Na aliye na kaa mpangaji darasani, aliyekwisha kujifukia, naaweke mikono yake mfukoni na kusubiri.