Mbwa wako anateseka: je, una haki ya kumuua mwenyewe nyumbani?

Aprili 2024, Kristi Noem, wakati huo gavana wa jimbo la South Dakota nchini Marekani, alijikuta kwenye moto baada ya sehemu za kitabu chake kutoka kwenye vyombo vya habari kabla hakijaingia sokoni. Ndani yake alisimulia jinsi alivyompiga risasi mbwa wake mwenyewe, Cricket, aliyekuwa na umri wa miezi 14.

Kosa la Cricket? Aliharibu siku ya kuwinda ndege, kisha akaua kuku wa jirani na kutaka kumng'ata Noem alipojaribu kumzuia. Noem alimpeleka kwenye shimo la kokoto, akammaliza. Siku hiyo hiyo akamfuata beberu wa familia.

Watu walimshukia kila upande. Yeye akajitetea kwamba sheria ya jimbo lake inaruhusu kumuua mbwa anayeshambulia mifugo. Lakini kwa anayejiuliza kama mwenye mnyama aachiwe kazi hii, jambo lenye uzito zaidi liko kwa yule beberu: hakufa kwa risasi ya kwanza. Ilibidi Noem arudi kwenye gari kuchukua risasi nyingine.

Na huyo ni mtu aliyekulia shambani, anayeijua bunduki.

Afrika Mashariki wengi hawana bunduki. Mbwa akizeeka, akiugua au akianza kuwa mkali, kinachotumika ni kile kilichopo: sumu ndani ya nyama, kamba, rungu, panga. Au mbwa anapakiwa kwenye gari na kutupwa mbali na nyumbani, eti ameachiwa huru.

Anayeweka sumu ya panya hudhani mnyama atalala tu asiamke. Ukweli ni tofauti. Sumu nyingi za panya huua kwa kuzuia damu isigande, hivyo mnyama huvuja damu ndani kwa ndani kwa siku kadhaa. Nyama ikibaki, kuku wa jirani anakula. Mtoto naye anaweza kuiokota.

<b>Sindano haiuzwi dukani</b>

Daktari wa mifugo hufanya kazi hii kwa hatua. Kwanza humtuliza mnyama kwa dawa, kisha humchoma kwenye mshipa dawa ya usingizi kwa kiasi kinachozidi kile cha upasuaji. Mnyama hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, pumzi hukata, halafu moyo. Baada ya hapo daktari husikiliza kifua kuhakikisha, kwa sababu mnyama anaweza kuonekana amekufa kumbe bado.

Sasa, kwa nini mwenye mbwa asipewe dawa hiyo akafanye mwenyewe sebuleni, bila gharama ya kumwita mtu?

Dawa inayotumika zaidi duniani, pentobabitali, iko chini ya udhibiti wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Ni hatari kwa binadamu kama ilivyo kwa mbwa, ndiyo maana haikai kwenye kabati la nyumbani. Pia kupata mshipa wa mbwa aliyeishiwa maji mwilini si mchezo, hata kwa mtaalamu. Halafu kuna mzoga: dawa hubaki ndani yake, na tai, fisi au mbwa koko akiufukua naye anaweza kufa. Lazima uzikwe kwenda chini kabisa au uchomwe moto.

Kuna sababu nyingine ambayo haisemwi mara nyingi. Daktari akija, huja pia na jicho la pili.

Chukua mfano wa uvimbe unaoambukizwa mbwa kwa mbwa wakati wa kupandana. Huota sehemu za siri, hutoa damu, hunuka, na mwenye mbwa akiuona huamua kwamba mnyama wake amekwisha. Ni ugonjwa wa kawaida katika maeneo yenye mbwa wengi wanaozurura. Na unatibika: sindano za kila wiki, kwa wiki kadhaa, huponya mbwa wengi kabisa. Upele unaomwacha mbwa bila manyoya nao huonekana kama mwisho wa dunia, kumbe una dawa.

Mbwa kama hao huuawa nyuma ya nyumba kila siku, na anayefanya hivyo huamini kwa moyo safi kwamba amemhurumia.

<b>Mbwa akimng'ata mtu</b>

Hapa suala linatoka kwenye huruma kwa mnyama na kuingia kwenye uhai wa watu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa. Maelfu kwa maelfu hufa kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na sehemu kubwa yao ni watoto. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mtoto anang'atwa, baba anachukua rungu, mbwa anakufa, anazikwa. Hasira hiyo inaeleweka. Ila hapo taarifa muhimu imezikwa pamoja na mbwa.

Mbwa aliyemng'ata mtu, kama anaweza kufungiwa salama, hutakiwa kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa hai na mzima siku ya 10, basi hakuwa akitoa virusi kwenye mate siku alipong'ata. Akifa au akianza kuonyesha dalili, wataalamu huchukua sampuli ya ubongo na kupima. Kichwa kikishapondwa kwa rungu au kupasuliwa kwa risasi, kipimo hicho kinakuwa kigumu au hakiwezekani kabisa. Na aliyemuua kwa mikono mitupu, akarukiwa na mate, amejiweka mwenyewe hatarini.

Mtoto aliyeng'atwa hasubiri siku hizo 10. Kidonda kinaoshwa kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha ni hospitali moja kwa moja kwa chanjo.

<b>Sheria zinasemaje?</b>

Uingereza, mwenye mnyama hakatazwi kumuua. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inaruhusu kumuua mnyama kwa njia inayofaa na isiyo ya kikatili. Akimtesa katika kufanya hivyo, England na Wales anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Ujerumani imekwenda mbali zaidi. Huko huwezi kumuua mnyama bila sababu ya msingi, hata awe wako, na anayeua lazima awe na ujuzi wa kazi hiyo. Kusema "nahama nyumba" au "anabweka sana" hakutoshi.

Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Zote zinafanya kumtesa mnyama kuwa kosa. Kwa maneno mengine, mbwa ni mali yako, lakini hiyo haikupi kibali cha kumuua kwa namna yoyote unayotaka.

Njia ya Ujerumani ndiyo yenye mantiki zaidi, kwa sababu inauliza kuhusu ujuzi badala ya umiliki. Tatizo ni kwamba inafaa nchi ambayo daktari yuko umbali wa simu moja. Kumwambia mtu asimuue mbwa wake halafu usimpe wa kumsaidia ni sheria ya kwenye karatasi.

Fikiria mbwa aliyegongwa na lori saa 4 usiku, mgongo umevunjika, daktari wa karibu yuko mjini umbali wa kilomita 60. Kumwacha alie mpaka asubuhi nako ni kumtesa. Kwa dharura ya namna hiyo, hakuna hakimu mwenye akili timamu atakayemlaumu mtu aliyemaliza mateso haraka kwa njia aliyoweza.

Ila dharura hiyo si sawa na mbwa mzee anayedhoofika kwa miezi miwili. Huyo anaweza kupangiwa siku. Daktari anaweza kuja nyumbani, mbwa akabaki kwenye mkeka wake, watoto wakamuaga. Nyumbani si tatizo. Tatizo ni mkono usiojua.

Gharama ya kumleta daktari kwa mnyama mmoja ndiyo inayowakwamisha wengi, na hapo wasaidizi wa mifugo wanaoshika sindano za chanjo kila msimu wangeweza kufunzwa na kupewa dawa chini ya usimamizi wa daktari. Kwa sasa, mwenye mbwa anayeteseka Tanzania anaweza kuanza na afisa mifugo wa kata, na Kenya na ofisi ya mifugo ya kaunti. Akipiga simu, aseme mapema kama mbwa huyo amemng'ata mtu yeyote ndani ya siku 10 zilizopita.