Mguu Si Sadaka ya Siku Moja



Kila mara majeruhi wa vita akabidhiwapo mguu wa bandia, wakubwa hupiga makofi, picha hupigwa, na hesabu hufungwa. Sisi twasema: hapo ndipo hesabu inapofunguliwa.

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliieleza waziwazi katika miaka ya 1990. Mtoto hukua, mguu wa bandia haukui. Hivyo hubadilishiwa kila miezi 6. Mtu mzima hubadilishiwa kila baada ya miaka 3 hadi 5. Mtoto wa miaka 10 atakayejaliwa miaka 40 au 50 zaidi atahitaji miguu ipatayo 25. Kwa dola 125 kila mmoja, jumla ni dola 3,125. Bomu la ardhini lililomkata liliweza kununuliwa kwa dola 3. Na hapo hatujataja nauli, matengenezo, wala kupasuliwa upya pale mfupa wa kigutu unapokua na kuichoma ngozi.

Habari hii si ya mbali. Huko Lopiding, karibu na Lokichoggio, hospitali ilifunguliwa mwaka 1987 kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan, na viungo vya bandia vikatengenezwa papo hapo. Mkataba wa amani ukatiwa sahihi Nairobi Januari 2005. Mwaka 2006 hospitali ikakabidhiwa serikali ya Kenya. Wafadhili huhesabu miaka ya vita. Kigutu huhesabu miaka ya uhai. Sahihi za wakubwa hazikuotesha mguu hata mmoja.

Watatuambia hazina ni tupu. Mbona ya risasi haikukosekana askari wetu walipoingia Somalia Oktoba 2011? Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Haki haiombwi kwa bakuli.

Twadai basi: Bunge litenge kila mwaka fungu la viungo vya bandia, kwa askari, raia na mkimbizi, muda wote wa uhai wao, mafundi wafunzwe, na hesabu zisomwe hadharani.

Nanyi waumini, mkumbukeni Msamaria mwema. Hakuridhika kufunga jeraha tu. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, akaahidi kulipa ziada arudipo. Alijua gharama haikwishi siku ile. Taifa lipelekalo vijana vitani, kisha likaikana ahadi ya namna hiyo, limepita kando kama kuhani yule.